Mjomba, Somo na Ugonjwa wa Kichocho

Kijana wa Tiwi aogaye baharini hapati kichocho, kwa kuwa konokono waenezao ugonjwa huo hawaishi katika maji ya chumvi. Lakini kijana huyo huyo akiuacha ufuo akaenda mashambani, akaingia katika bwawa au kijito chenye konokono hao, aweza kurudi nyumbani na ugonjwa mwilini bila kuhisi kitu, ila pengine mwasho wa ngozi. Baada ya miezi michache huona damu katika mkojo wake. Hapo ndipo taabu inapozidi, maana hamwambii mtu.

Zamani, katika sehemu nyingi za Afrika, mvulana aliyekojoa damu alidhaniwa kuwa anabaleghe tu. Msichana huogopa zaidi: akitaja damu au maumivu, watu watamshuku ugonjwa wa zinaa. Kumbe kosa lake huenda ni kufua nguo za watu wa nyumbani mwake!

Ukweli wa jambo hili umejulikana tangu mwaka 1851, Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, alipowaona minyoo wa kichocho katika mwili wa maiti mjini Cairo. Minyoo hawa, dume na jike pamoja, hukaa katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu, nao huweza kuishi miaka 3 hadi 5, pengine zaidi. Mayai yao yakitoka na mkojo yakafika majini, huanguliwa. Vijidudu vyake huingia ndani ya konokono, huongezeka humo kwa majuma kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu na kupenya ngozi ya mtu aliyemo majini. Mayai yasiyotoka hukwama mwilini, yakaleta makovu katika kibofu na viungo vya uzazi. Baada ya miaka mingi yaweza kuleta ugonjwa wa figo, utasa, hata saratani ya kibofu.

Dawa ipo, nayo ni vidonge vya prazikwanteli. Upande wa Msambweni watoto wa shule walianza kupimwa na kutibiwa na watafiti katika miaka ya 1980, na tangu mwaka 2012 Serikali ya Kenya ilipanua mpango wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo mashuleni. Mpango huo ni mwema, lakini mwalimu humpa dawa yule aliye mbele yake. Kijana aliyeacha shule, awe mvuvi, mgema au mwendesha bodaboda, nani atamwita?

Kwa desturi ya zamani ya Wadigo, mtoto alihesabiwa katika ukoo wa mama yake, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu yake. Ijapokuwa sheria ya Kiislamu imebadili mengi katika mambo ya urithi, neno la mjomba halijapotea. Msichana naye alikuwa na somo wake, mwanamke wa kumfundisha mambo ya mwili ambayo mama huona haya kuyasema. Watu hao wawili wanaweza kuuliza swali ambalo mganga mgeni hajibiwi. Si lazima wajue habari zote za minyoo, yatosha kusema, "Mwanangu, hii si aibu wala si ukubwa. Ni ugonjwa, twende zahanati."

Nao wasidhani kazi imekwisha siku ya dawa. Vidonge huua minyoo waliokomaa, lakini havimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi bwawani. Kwa hiyo kijana aonyeshwe pia pampu au kisima cha kuogea. Pampu za mkono zilianza kujaribiwa pwani hii ya kusini mwaka 1983, kwa ajili ya maji salama. Palipo na maji ya bwawa tu, yawekwe chomboni siku 2 kamili kabla ya kuogwa, maana vijidudu vya kichocho hufa humo pasipo konokono.

Aendaye kupimwa apeleke mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwani ndipo mayai hutoka kwa wingi. Vidonge navyo vimezwe baada ya kula.