Je, Wajua? Moshi wa tumbaku na kumbukumbu

Sikonge, mkoani Tabora, inajulikana kwa asali na kwa tumbaku inayokaushwa kwenye mabani kwa kuni za miombo. Tumbaku ikivutwa kama sigara, moshi wake una benzopirini, kemikali ambayo ikishachakatwa mwilini hung'ang'ania vinasaba na kuviharibu. Ngozi ikichubuka huota seli mpya. Seli nyingi za ubongo hazina bahati hiyo. Tunazeeka nazo zilezile, nazo hukarabati vinasaba vyake maisha yote. Ukarabati ukizidiwa, seli hudhoofika, nyingine hufa. Huenda hiyo ni njia mojawapo ya akili kufifia uzeeni. Ushahidi kuhusu sigara yenyewe una nguvu zaidi: mwaka 2024 tume ya jarida la The Lancet iliitaja miongoni mwa vihatarishi 14 vya ugonjwa wa kusahau vinavyoweza kudhibitiwa.