Soko Lilipona, Aliyeuza Je?

Mwisho wa 2019, NASI, kipimo cha bei za hisa zote katika Soko la Hisa la Nairobi, kilikuwa 166.41. Mwisho wa 2021, baada ya corona, kafyu na watu kufutwa kazi, kilikuwa 166.46. Ukitazama nambari hizo pekee, utaapa kwamba nchi hii haikupatwa na lolote.

Zilinikosesha raha. Nikamtafuta dalali wa hisa anayefanyia kazi nyumbani kwake Lavington, hatua chache kutoka Barabara ya James Gichuru. Aliomba nisimtaje jina, maana riziki yake ni kutunza siri za wateja.

"Kijana wangu, umesoma kimoja tu," aliniambia, akafungua kompyuta na kuweka kipimo cha pili kando ya kile cha kwanza. NSE 20 kilifunga 2019 kikikaribia 2,650. Kilifunga 2021 kikiwa karibu 1,900. Zaidi ya robo ilikuwa imeyeyuka.

"Mgonjwa ni yule yule, vipimajoto ni viwili," akasema.

Akanionyesha kwa kidole. NASI huipa kila kampuni uzito kulingana na thamani yake sokoni, na Safaricom peke yake ilibeba zaidi ya nusu. NSE 20 huziweka kampuni 20 katika daraja moja, kubwa kwa ndogo. Corona ilipowafanya watu waogope noti, na ada za M-Pesa zikaondolewa kwa malipo madogo, mwenye simu alineemeka. Hisa ya Safaricom iliyokuwa Sh31.50 mwisho wa 2019 ilipita Sh40 mwaka wa 2021.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Mei 2020, Equity ilifuta mgao wa Sh2.50 kwa kila hisa, ambao wenye hisa walikuwa wameshaupigia hesabu. Julai, hisa za Kenya Airways zilisimamishwa, na hazikuuzwa tena hadi Januari 2025. Aliyekuwa nazo hakuweza hata kuuza kwa hasara.

Dalali huyu haisahau Ijumaa ya Machi 13, 2020. Kisa cha kwanza cha corona nchini kilitangazwa, NSE 20 ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia tano, biashara ikasitishwa. Anasema wa kwanza kukimbia walikuwa wawekezaji wa kigeni. Wiki zilizofuata zikaleta wateja wake, waliokatwa mishahara huku kodi ya nyumba ikiwangoja.

"Kila hisa iliyouzwa kwa shida ilikuwa na mnunuzi," anasema. "Mnunuzi alikuwa na pesa za kukaa nazo."

Nilimuuliza kama aliwasihi wasiuze. Aliwasihi, akasema, lakini subira haimlipi mwenye nyumba.

New York, kipimo cha S&P 500 kilianguka kwa asilimia 34 kati ya Februari 19 na Machi 23, 2020, na kufikia Agosti kilikuwa kimerudi juu. Washauri wengi hukitaja kama funzo la uvumilivu. Mimi naona funzo hilo lina bei, na si kila mtu aliyekuwa nayo mfukoni.

Kipimo hufuata hisa, hakimfuati aliyeiuza. Iliyotoka Machi kwa ajili ya kodi ilipanda ikiwa mikononi mwa mwingine. Ni Wakenya wangapi waliouza hivyo, na wangapi waliwahi kununua tena?