Kile kidonge kidogo cha mathe: Aspirini inavyokwaruza utumbo kimyakimya

Mathe alianza kuchoka mwaka jana. Tunaishi ghorofa ya tatu tu, lakini akawa anapumzika mara mbili kabla ya kufika mlangoni. Sisi tukasema ni umri. Yeye akasema ni jua.

Hospitalini wakapima damu: iko chini, na madini ya chuma yameisha. Wakapitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi tumboni. Safi. Wakapitisha mwingine kutoka nyuma. Safi pia. Sasa damu ilikuwa inaenda wapi?

Daktari wa pili ndiye aliyeuliza, "Mama, kuna dawa yoyote unameza kila siku?" Mathe akasema hapana. Kisha akakumbuka: "Labda ile junia aspirini." Alikuwa ameimeza miaka minne. Rafiki yake wa chama alimwambia inasafisha damu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usiniite daktari. Lakini usiku huo sikulala, nilisoma.

Dozi ndogo ya aspirini ni kama miligramu 75 hadi 100 kwa siku. Kazi yake ni kuzuia zile chembe ndogo za damu zisigandane na kuziba mshipa wa moyo au ubongo. Kidonge kimoja huzima chembe hizo kwa maisha yao yote, yaani siku 7 hadi 10. Kwa mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha mshipa kuziba, hiyo ni dawa ya kuokoa maisha.

Shida ni kwamba kimeng'enya kile kile inachozima ndicho hutengeneza kemikali zinazolinda ukuta wa tumbo na utumbo. Ukuta ukikosa ulinzi, unakwaruzika. Na kwa sababu damu haigandi vizuri, mkwaruzo mdogo unaendelea kuvuja polepole.

Wengi tunajua aspirini na vidonda vya tumbo. Utumbo mdogo ndio husahaulika. Una urefu wa mita kama sita, na ile mipira ya kawaida huona mwanzo na mwisho wake tu. Ni mwaka wa 2001 ambapo Marekani iliidhinisha kapsuli ya kumeza yenye kamera ndani. Hapo ndipo madaktari walianza kuona vizuri mikwaruzo na vidonda katikati, hata kwa watu wasiohisi maumivu yoyote.

Kuna mambo mawili yaliyonishtua zaidi. Kwanza, omeprazole hupunguza asidi ya tumbo, lakini utumbo mdogo hauumizwi na asidi hiyo, kwa hivyo huko chini haikingi. Pili, aspirini yenye ganda la kuzuia isiyeyuke tumboni huenda kuyeyukia utumboni, na kuna tafiti zilizokuta mikwaruzo mingi zaidi huko kwa wanaoitumia.

Mathe hajawahi kuugua moyo wala kupata kiharusi. Daktari alimwachisha, akampa vidonge vya chuma. Miezi mitatu baadaye damu ilipanda, na sasa ananipita kwenye ngazi akiwa na mfuko wa viazi.

Lakini usikimbie nyumbani ukatupe dawa za babako. Kama aliandikiwa na daktari baada ya mshtuko wa moyo au kiharusi, kuacha ghafla kunaweza kumuua. Fanya hivi: muulize ni nani alimwambia ameze. Kama ni daktari, arudi kwake, hasa akichoka ovyo au kupauka. Akipata choo cheusi kama lami, hiyo ni ya hospitali leo leo, si kesho.

Na kama ni rafiki wa chama, basi hiyo ndiyo stori ya kuanza nayo leo jioni.