Soseji Horini

Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Greggs, yenye maduka ya vitafunwa karibu katika kila mji wa Uingereza, ilitoa picha za kutangaza kalenda yake ya Majilio. Moja ya picha hizo ilipangwa mfano wa pango la Noeli, lile ambalo kila aliyekulia kanisani anaweza kulipanga hata gizani. Mamajusi watatu wamesimama. Majani makavu yametandazwa. Hori ipo mahali pake. Ndani ya hori, pale alipopaswa kulala Mtoto Yesu, imelazwa soseji roli: nyama ya nguruwe iliyosagwa, ikaviringishwa ndani ya unga wa matabaka na kuokwa mpaka ukawa wa rangi ya dhahabu. Ukimtajia Mwingereza jina la Greggs, kitafunwa hicho ndicho kinachomjia kwanza. Kalenda yenyewe iliuzwa pauni 24.

Wapo waliocheka, na wapo waliokwazwa. Ukatoka wito wa kuyasusia maduka hayo, kampuni ikaomba radhi, na baada ya muda gumzo likahamia kwingine. Mwaka uliofuata, 2018, mauzo ya Greggs yalivuka pauni bilioni 1 kwa mara ya kwanza. Kwa mwenye kutazama hesabu peke yake, waliosusa walishindwa. Lakini hesabu hiyo haisemi ni nini hasa kiliwaudhi, wala haielezi kwa nini kampuni iliyokuwa ikiuza vizuri hivyo iliharakisha kuomba radhi.

Tuanze na maudhi, maana hapo ndipo watu wengi huteleza. Husemwa kwamba watu wa dini hawapendi mzaha. Si kweli, na aliyewahi kuhudhuria igizo la Noeli la watoto anajua. Kwenye parokia niliyokulia, wachungaji wa kondoo walivaa kanga za mama zao kichwani, Yosefu alisahau maneno yake kila mwaka, na kuna mwaka ambao mtoto aliyeigiza kondoo alilala usingizi wa kweli miguuni pa malaika, akakoroma mpaka watu wakashindwa kuimba. Kanisa zima lilicheka, padri akiwa wa kwanza. Hakuna aliyehisi kwamba Mungu ametukanwa. Kicheko kile kilikuwa cha wenye sikukuu, ndani ya sikukuu yao, na kiliishia palepale kwa yule mtoto mchanga aliyekuwa katikati ya igizo.

Katika picha ya Greggs katikati pamebadilishwa. Kila kitu kimeachwa jinsi kilivyo, wageni kutoka mashariki bado wanakuja na heshima zao, ila anayeheshimiwa ameondolewa na bidhaa imewekwa pake. Mzaha unaanza kuuma hapo. Kwa Mkristo, hori si pambo la Desemba. Ni dai zito kuliko yote anayoyakiri: kwamba Mungu alijishusha mpaka akalazwa wanapolishiwa wanyama. Anayeitumia hori kuuza chakula amelichukua dai hilo na kulitia kazini bila kumuuliza mwenyewe.

Tena yapo mambo mawili ambayo sidhani kama mpangaji wa picha aliyafikiri. La kwanza ni nyama ya nguruwe. Yesu alizaliwa na mama Myahudi, akatahiriwa siku ya nane. Na kwa Mwislamu huyo ni Nabii Isa, mwana wa Mariamu, aliyetajwa kwa heshima ndani ya Kurani. Huwezi kuipeleka picha ile katika mji wowote wa pwani yetu ukadhani utawakwaza Wakristo tu. La pili ni geni zaidi. Bethlehemu kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate, hori ni chombo cha kulishia, na Kanisa tangu zamani limemwita Yesu mkate. Mhubiri mwenye kipaji angeweza kusimama mbele ya picha ile na kutoa mahubiri ya kweli kuhusu chakula kilicholazwa horini. Tangazo lilifika karibu kabisa na mlango wa fumbo, halafu likageuka likauza vitafunwa. Nadhani ukaribu huo ulizidisha maumivu ya baadhi ya waumini, kama uliwafanya wengine watabasamu. Baadhi ya viongozi wa Kikristo wa Uingereza walikataa hata kukasirika, wakiona kwamba hasira ndiyo kuni ambazo tangazo la namna hiyo hutafuta.

Kisa kinachofundisha zaidi kuliko hicho kilitokea Afrika Kusini, na kina mizizi Italia. Desemba 2007 kinywaji cha Red Bull kilikuwa na tangazo la katuni kwenye televisheni za Italia, likiwaonyesha mamajusi wanne badala ya watatu. Yule wa nne alimletea Mtoto Yesu kopo la Red Bull. Padri mmoja wa Sicily alilalamika, kampuni ikaliondoa tangazo. Miaka 5 haikuisha. Mwanzoni mwa 2012, kampuni ileile ikaonyesha Afrika Kusini katuni nyingine: Yesu na wanafunzi wake wamo mashuani, mambo yamepoa, anachoka kukaa, anashuka na kuondoka akitembea juu ya maji. Wanafunzi wanashangaa, wanauliza kama amekunywa Red Bull. Jibu ni kwamba hakuna muujiza wowote, ni suala la kujua mawe yalipo.

Katuni hii inamgusa muumini vingine kuliko ile ya mamajusi. Mamajusi wanne ni nyongeza tu. Simulizi linabaki lilivyo, mgeni mmoja kazidi. Mawe yaliyofichwa majini yanalifuta simulizi lenyewe na kumfanya Yesu kuwa mjanja mwenye siri ndogo. Anayeuza dawa ya kuondoa uchovu amepata cha kuchekesha, na muumini amebaki ameambiwa kwamba muujiza ni hila. Baraza la wanazuoni wa Kiislamu la nchi hiyo nalo lililaumu tangazo hilo, likimtetea Isa kama mmoja wa mitume.

Maaskofu Wakatoliki wa Kusini mwa Afrika hawakukimbilia mahakamani. Ilikuwa Kwaresma, ambayo mwaka ule ilianza tarehe 22 Februari. Waliwaambia waumini wao wafunge Red Bull mpaka Pasaka. Neno walilotumia lilikuwa kufunga. Katikati ya mwezi Machi kampuni iliondoa tangazo.

Ninaliona neno hilo kuwa jambo la busara kubwa kuliko yote katika visa hivi. Mfungo hauanzi na adui. Unaanza na mwenye kufunga, unamgharimu yeye kwanza, una siku ya kuanza na siku ya kuisha, na haumpi ruhusa ya kumtukana mtu. Kijana wa Durban aliyesimama mbele ya jokofu la kituo cha mafuta usiku, ana usingizi na ana safari, akanyoosha mkono kuchukua kopo kisha akaurudisha, amefanya jambo ambalo dini yake ilikuwa inamtaka alifanye hata bila tangazo lile. Hasira yake imepewa umbo alilolizoea tangu utotoni.

Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili, na linaeleza mengi kuliko mgomo. Ni kususa. Mtoto akiudhiwa husogeza sahani, akageuza uso ukutani, akanyamaza. Chakula hakijaharibika, njaa anayo, ila anakataa. Kususa kuna nguvu kwa sharti moja tu: awepo anayejali kwamba umesusa. Mama akija na kubembeleza, umeshinda. Wenzako wakiivuta sahani na kuendelea kula, umekosa vyote, na ndiyo maana watu husema ukisusa wenzio wala.

Kampuni kubwa ina wateja wengi kupita hesabu, na wanaosusa kwa ajili ya tangazo moja huwa wachache kati ya hao. Wenzao wanakula. Kwa mizani hiyo Greggs haikuwa na sababu ya kuomba radhi, wala Red Bull ya kuondoa katuni. Brayden King, mtafiti wa Marekani aliyechunguza migomo ya namna hii, alionyesha kwamba kinachozifanya kampuni ziregeze msimamo ni kutajwa kwenye vyombo vya habari na kuchafuka kwa jina, kuliko kupungua kwa mauzo. Kampuni inafanana na yule mama kuliko tunavyodhani: inatumia fedha nyingi ipendwe, hasa mwishoni mwa mwaka, na haivumilii kuonekana imemliza mtu mezani.

Sheria ni njia nyingine, na matokeo yake yamekuwa ya kuyumba. Oktoba 2011 mamlaka ya viwango vya matangazo ya Afrika Kusini ilizuia tangazo la manukato ya Axe, lililoonyesha malaika wakianguka kutoka mbinguni kwa kuvutiwa na kijana aliyejipulizia, na lalamiko lilikuwa la mtu mmoja. Mwaka huohuo Uingereza ilizuia tangazo la duka la simu la Phones 4u, lililotolewa majira ya Pasaka na kumchora Yesu akikonyeza jicho na kuinua dole gumba. Lithuania ilikwenda mbali zaidi: kampuni ya Sekmadienis, jina lenye maana ya Jumapili, ilitozwa faini ya fedha za huko inayokaribia euro 580 kwa mabango ya nguo ya mwaka 2012 ambamo majina ya Yesu na Maria yalitajwa kwa mshangao wa kusifia suruali na gauni. Tarehe 30 Januari 2018 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba faini hiyo ilivunja uhuru wa kujieleza. Mabango yaliyokuwa yamesahaulika yakaingia kwenye vitabu vya sheria. Anayesusa haihitaji serikali kumwamulia kama ameumizwa kweli, na anayeuza hapelekwi mbele ya hakimu. Kwa hiyo, pamoja na kasoro zake, naona kususa ni haki zaidi kuliko faini.

Lakini si kila kususa kwa jina la dini ni kumoja. Kipo kisa cha Marekani cha mwaka 2009 ambacho wengi hukiweka kapu moja na hivi, na kwangu mimi kinakwenda upande wa pili kabisa. Tena kinatuhusu kidogo, kwa sababu ya lugha.

Tarehe 11 Novemba 2009 American Family Association, jumuiya ya Wakristo yenye makao Tupelo, Mississippi, iliwataka wafuasi wake wayasusie maduka ya nguo ya Gap kwa miezi miwili. Kosa lilikuwa kwamba Gap halitaji Krismasi kwenye matangazo yake. Kesho yake Gap lilianza kampeni ya sikukuu yenye tangazo la kuchangamsha, vijana wanacheza na kupiga makofi, wakizishangilia kwa mpigo mmoja Krismasi, Hanuka, Kwanzaa na sikukuu ya jua la kipupwe, na kumalizia kwa mzaha wa maneno kwamba kila mtu asherehekee atakacho. Krismasi ilikuwa imetajwa, tena ya kwanza. Jumuiya haikuridhika, tarehe 17 ililaumu kutajwa kwa sikukuu ya jua, ikiiita ya kipagani, na kususa kukaendelea.

Kwanzaa ilipita katikati ya ugomvi huo bila kuguswa. Jina hilo ni letu, lilichukuliwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966 kutoka kwenye matunda ya kwanza, na wanaoiadhimisha huzihesabu Nguzo Saba kwa Kiswahili kuanzia tarehe 26 Desemba. Nao pia ni watu wenye kitu cha thamani. Ni haki kuuliza kama walifurahi kusikia jina la siku zao likipigiwa makofi ili sweta zinunuliwe.

Tazama sasa tofauti. Maaskofu wa Kusini mwa Afrika walimwambia mfanyabiashara: mtoe Bwana wetu kwenye bidhaa yako. Jumuiya ya Tupelo ilimwambia: liweke jina la sikukuu yetu kwenye bidhaa yako, tena peke yake. La kwanza ni kulinda kitu kitakatifu kisiuzwe. La pili ni kudai kiuzwe kwa jina lake kamili. Naelewa hofu iliyo nyuma yake, hofu ya watu waliozoea kuona nchi yao ikisema lugha ya imani yao kila Desemba na sasa wanasikia lugha nyingine zikiingia. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Ila duka la nguo si mahali pa kuitibu.

Tarehe 24 Novemba, siku 13 tangu wito utolewe, jumuiya ilitangaza kwamba kususa kumekwisha. Ofisa wa mawasiliano wa Gap alikuwa ameiarifu kwamba linakuja tangazo jipya lenye mguso mzito wa Krismasi. Ilikuwa Jumanne. Alhamisi ya wiki hiyo ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, na Ijumaa ikawa ile siku ambayo Wamarekani hupanga foleni madukani tangu alfajiri.