Kikapu Kidogo cha Shaba

Sogea hapa, mtoto wangu. Umeuliza swali zuri sana. Shangazi yako amehamia Kinshasa, wewe uko Kisangani, na kati yenu kuna zaidi ya kilomita 1,700 za mto. Umtumie pambo gani ili akilivaa ajisikie yuko kwao?

Tumwulize waya wa shaba. Yeye ametembea kutushinda.

"Nilikuwa jiwe la kijani kule Katanga," asema waya. "Zamani wahunzi waliniyeyusha wakanimimina nikawa msalaba, na misalaba ile ilikuwa pesa. Huku mtoni, ndugu yangu aliyechanganywa na zinki aliitwa mitako. Naye alikuwa pesa. Naye alifanywa bangili."

Je, shaba huyeyuka kwa moto wa jikoni? Hapana. Inataka digrii 1,085. Sisi hatutaiyeyusha, tutaikunja tu.

Tukunje hereni ya umbo gani? Kisangani kuna nini ambacho shangazi hakioni Kinshasa?

"Vikapu vya Wagenia!"

Umejibu vema! Pale kwenye maporomoko, Wagenia husimamisha magogo makubwa katikati ya maji na kuning'iniza vikapu vyao. Mdomo mpana, mkia mwembamba. Maji humsukuma samaki mpaka ndani kabisa, hawezi tena kugeuka. Shangazi akiona umbo hilo, hata likiwa dogo kama ukucha, atasikia maji yakinguruma.

Basi zungusha waya kwenye ncha ya kijiti kilichochongwa. Polepole. Waya hana haraka. Kisha mtu mzima augonge kidogo kwa nyundo, upate kung'aa.

"Mbona sasa umekuwa mgumu?"

Vizuri, umeona mwenyewe! Ndani ya shaba kuna chembe nyingi. Ukiigonga au kuikunja sana, chembe zinabanana kama watoto waliosukumwa kwenye kona moja ya ua. Hakuna anayeweza kusogea. Ukilazimisha, waya unakatika. Mtu mzima aupashe motoni mpaka uwe mwekundu, auache upoe. Moto huzipanga chembe upya, na waya unalainika. Polepole. Waya hana haraka.

"Na sikio la shangazi likiwa kijani?"

Hilo ni jasho linalokutana na shaba. Asugue hereni kwa ndimu na chumvi, aioshe, aikaushe.

Mimi naona hereni hiyo itampendeza shangazi kuliko ya dhahabu ya dukani, kwa sababu dukani hakuna anayejua alikulia wapi.

Waya utaupata kwa fundi umeme, mwombe mabaki. Plastiki yake ivuliwe kwa kisu na mtu mzima, isichomwe, maana moshi wake ni sumu. Na usiguse kamwe nyaya za nguzoni.