Siku ya Watangulizi: Wamormoni wakumbuka mateso, wengine wauliza nani alitangulia Utah

KILA ifikapo Julai 24, ofisi za serikali katika jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani, hufungwa nao wakazi wa mji mkuu, Salt Lake City, hufurika barabarani kutazama gwaride la farasi, bendi na magari yaliyorembwa. Baadhi yao hukesha kando ya barabara ili kupata nafasi nzuri. Usiku, fataki hurushwa angani.

Hiyo ndiyo Siku ya Watangulizi, inayoadhimisha kuwasili kwa Wamormoni, waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, katika bonde hilo mnamo 1847. Sherehe ya kwanza ilifanyika 1849.

Chimbuko lake ni mateso. Joseph Smith alianzisha kanisa hilo katika jimbo la New York mnamo 1830. Mafundisho yake mapya na wingi wa kura za wafuasi wake viliwatia majirani hofu na hasira. Mnamo Oktoba 1838, Gavana Lilburn Boggs wa Missouri aliamuru Wamormoni waangamizwe au wafurushwe jimboni humo. Amri hiyo haikufutwa rasmi hadi 1976.

Walikimbilia Illinois, lakini huko nako, Juni 27, 1844, umati wenye silaha ulivamia gereza la Carthage na kumuua Smith pamoja na kakaye, Hyrum.

Brigham Young, aliyeshika usukani, aliamua kuwahamishia waumini katika eneo ambalo wakati huo lilikuwa la Mexico. Walianza kuvuka mto Mississippi Februari 1846, katikati ya baridi kali. Young mwenyewe aliingia bondeni Julai 24 mwaka uliofuata, akiwa mgonjwa, amelazwa ndani ya gari la kukokotwa.

Kufikia 1869, reli ilipokamilika, watu wapatao 70,000 walikuwa wamefuata nyayo hizo. Waliokosa uwezo wa kununua maksai walivuta mikokoteni kwa mikono yao kwa umbali wa kilomita zipatazo 2,000. Mnamo 1856, misafara miwili iliyochelewa kuondoka ilinaswa na theluji huko Wyoming na zaidi ya watu 200 wakafariki. Hadi leo, vijana wa kanisa hilo huvalia mavazi ya enzi hizo na kusukuma mikokoteni nyikani ili waonje adha ya wazee wao.

Hata hivyo, simulizi hiyo ina upande mwingine. Bonde halikuwa tupu. Waute, Washoshone na Wagoshute waliishi humo na viungani mwake, na kadiri walowezi walivyoongezeka ndivyo wenyeji walivyopoteza ardhi na maji.

Aidha, si wote waliosafiri kwa hiari. Katika msafara wa kwanza walikuwemo watumwa watatu weusi: Green Flake, Hark Wales na Oscar Smith. Mnamo 1852, bunge la Utah lilihalalisha utumwa, ambao ulipigwa marufuku na Bunge la Marekani 1862. Wanaume weusi nao walinyimwa ukuhani wa kanisa hilo hadi 1978.

Ilichukua miaka 175 kabla ya watatu hao kuenziwa kwa mnara jijini humo. Ulizinduliwa Julai 2022, ukiwa pia na sanamu ya Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyekuwa huru na aliyefika Utah mnamo 1847.

Swali la nani anastahili kuitwa mtangulizi halihusu Utah pekee. Kanisa hilo, lililotambuliwa rasmi nchini Kenya 1991, lilizindua hekalu jijini Nairobi Mei 2025. Waumini wake Waafrika sasa ni warithi wa historia hiyo, ya waliovuta mikokoteni na vilevile ya Flake na wenzake.