Uniti za LUKU zinaishia wapi? James Watt alikwishajibu kwa farasi

Umenunua umeme wa elfu tano Jumatatu, Ijumaa uniti zimebaki mbili. Kuanzia Maili Moja, Kibaha, hadi Maneromango, Kisarawe, lawama huwa moja: "Hii luku inakula!" Lakini mita haili, inahesabu tu. Wanaokula ni vifaa vilivyomo ndani, na ulaji wa kila kimoja umeandikwa mgongoni au chini yake kwa herufi W, yaani wati.

Aliyelinganisha injini na farasi

Wati imepewa jina la James Watt, mvumbuzi wa Scotland aliyezaliwa mwaka 1736. Mwaka 1769 alipata hakimiliki ya injini ya mvuke iliyotumia makaa machache kuliko za zamani. Yeye na mshirika wake, Matthew Boulton, walidai malipo ya aina yake: mwenye mgodi awape theluthi ya fedha alizookoa kwenye makaa.

Migodini hesabu ilikuwa rahisi, kwani injini ya zamani ilikuwepo ya kulinganisha. Kazi ikawa kwa wenye vinu na viwanda vya bia, ambao walitumia farasi. Watt akapima kazi ya farasi anayezungusha kinu, kisha akawaambia wateja: injini hii ni farasi kumi, ile ni ishirini. Mtu asiyejua lolote kuhusu mvuke alielewa papo hapo, maana gharama ya kulisha farasi aliijua.

Mwaka 1882 lilitolewa pendekezo nchini Uingereza kwamba kipimo cha nguvu kiitwe kwa jina lake. Farasi mmoja ni kama wati 746.

Farasi wako wa nyumbani

Farasi huyo mmoja anaweza kuendesha feni 12 za wati 60. Pasi ya wati 1,000 inahitaji farasi mmoja na kidogo. Hita ya bafuni ya wati 5,500? Zaidi ya farasi saba, wote wanavuta ili mtu mmoja aoge.

Ila wati si uniti. Fikiria bomba na ndoo: wati ni kasi ya maji yanavyotoka, uniti ni ndoo iliyojaa. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kwa uniti moja unapata:

- Taa ya LED ya wati 9: saa 111
- Feni ya wati 60: karibu saa 17
- Pasi ya wati 1,000: saa 1
- Birika la wati 2,000: nusu saa
- Hita ya bafuni ya wati 5,500: kama dakika 11

Ndiyo maana kumfokea mtoto kwa kusahau taa hakusaidii sana. Kinachokula ni kile kinachochemsha.

Kwa nini hesabu hii ni pesa

Katika bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa daraja la D1 analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, mpaka afikishe uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Uniti 75 ni sawa na 2.5 kwa siku.

Sasa chukua familia ya watu wanne. Kila mmoja anaoga kwa hita dakika 10. Hiyo ni karibu uniti 3.7 kwa siku, na hapo hata taa haijawashwa.

Vipi kuhusu kupika?

Wengi wanaogopa kupikia umeme, wanabaki na mkaa, na misitu ya Kisarawe kama Pugu na Kazimzumbwi inaendelea kuumia. Lakini jiko la umeme la presha, ambalo shirika la TaTEDO limekuwa likilihamasisha, halivuti umeme muda wote. Likishapata presha linajizima na kujiwasha lenyewe. Sufuria ya maharage kwa kawaida haimalizi uniti moja.

Kwa hiyo ukienda dukani, usiulize bei tu. Geuza kifaa, soma W, zidisha kwa saa utakazokitumia kwa siku, gawanya kwa 1,000. Jibu ndilo uniti zitakazoondoka kila siku.